Maziwa Niliyoyaombea

Habari za asubuhi, Mchungaji, wazee wa kanisa, mama zangu na ndugu zangu.

Najua mlikuwa mnangoja salamu yetu ili mjibu Amina kwa pamoja. Nimeiacha makusudi, na mtaona kwa nini. Ushuhuda huu nimeuandika mara sita. Mzee mmoja aliusoma Alhamisi akaniomba nibadilishe mahali pawili. Nimeyafikiria maombi yake mpaka mama yangu akaninyang'anya karatasi akasema niende nikapalilie maharage. Basi nitasema kama nilivyoandika mara ya kwanza.

Wengi mnanijua. Ni mtoto wa kijiji cha Endamarariek, lakini nimekulia kwenye kanisa hili. Nilipomaliza chuo, na shahada yangu ya utalii, nilipanga chumba hapa mjini Karatu ili niwe karibu na ofisi zinazoajiri. Nyumba ile ilikuwa na wapangaji watano na ua mmoja. Kila asubuhi alipita mama wa Kimaasai anayeuza maziwa, anatokea upande wa Ngorongoro. Sote tulimwita yeyo, yaani mama kwa lugha yao. Ukitaka maziwa, unaweka kopo lako mlangoni, anakumiminia.

Ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo naona aibu kulisema, na tumo humu ndani tuliokuwa tukilifanya pamoja. Kwenye kikundi chetu cha maombi tulifundishwa kwamba kitu kinachotoka kwa watu wa mataifa, yaani wasioamini, kitakaswe kabla hakijaingia tumboni. Vile vibuyu vya maziwa vinafukizwa moshi, tukaambiwa nani ajuaye yametamkwa maneno gani juu yake. Basi mimi nilikuwa nayatakasa maziwa ya yule mama. Si chumbani kwangu. Pale pale mlangoni, yeye akiwa amesimama mbele yangu na kibuyu chake, nafumba macho, nainua mkono juu ya kopo, nakemea mapepo.

Jirani yangu mmoja, dada msusi, akawa anamngoja yeyo kila siku kwa utani.

"Yeyo, leo umeleta mapepo lita ngapi?"

Yeyo anacheka kidogo, anapima.

"Mimi nipimie maziwa matupu. Mapepo mpe mtumishi hapo mlangoni, ndiye anayeyaweza."

Ua mzima unacheka. Na mimi, mnajua nilijisikiaje? Nilijisikia vizuri. Niliona ninateswa kwa ajili ya imani.

Siku moja yeyo aliniuliza taratibu, bila hasira, "Mwanangu, maziwa yangu yana ugonjwa?"

"Hapana yeyo, naomba tu."

"Na soda ya dukani unaiombea?"

Sikuwa nimewahi kuombea soda.

Tena kuna suala la salamu. Nikikutana na mmoja wenu uani, nasema Bwana Yesu asifiwe, namkumbatia, natabasamu. Yeyo alinisalimu kila asubuhi kwa salamu ya kwao ya wanawake, "Takwenya," ambayo mtu huijibu "Iko." Msusi aliijibu. Watoto waliijibu. Mimi nilianza kufikiria: nikijibu kwa lugha yake, je, nimekubali na mila zake? Nikimpa salamu yetu, ataona namlazimisha? Nikimpa habari ya asubuhi tu, nitakuwa nimemkana Bwana? Nilifikiria hivyo miaka miwili, na wakati nafikiria, sikuwa namjibu kitu. Natingisha kichwa tu, kama mtu anayehesabu magari.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa. Niliitwa kwenye usaili wa kazi ya mapokezi, hoteli moja ya kitalii kule juu, ukingoni mwa kreta. Kikundi kiliomba, kikasema nimeshapewa, nisiwe na shaka, nishuhudie kabla. Nikasimama mahali hapa hapa nikasema nimepokea kazi kwa imani. Mlipiga vigelegele. Kazi akapewa mtu mwingine.

Hapo ndipo nilipopasuka. Mimi ni mtu wa kuwaza, lakini safari hii mawazo hayakukubali kukaa kimya. Moyo ulikuwa unanidunda kama nimekimbizwa, na mimi nimelala. Kula sikuweza. Kutoka nje sikuweza, maana niliona kila mtu Karatu anajua kwamba nilimshuhudia Mungu kwa uongo.

Dada watatu wa kikundi walikuja. Nilikuwa na stuli moja na kitanda, palikuwa na pa kukaa. Hawakukaa. Walisimama mlangoni, mmoja akasema, "Dada, Mungu hasemi uongo. Kwa hiyo tatizo liko kwako. Kuna kitu unaficha. Tubu, utafunguliwa." Wakaomba kwa sauti, wakaondoka. Jumapili hiyo, niliambiwa baadaye, niliombewa hapa pamoja na wale walioanguka.

Ndugu zangu, neno hilo nimeligeuza kichwani wiki nyingi. Mtu ana homa, tunasema anaumwa. Amepungukiwa chakula, tunasema ana njaa. Lakini mimi niliyekuwa siwezi kuinuka kitandani, mlisema nimeanguka. Wapi? Nilikuwa nimepanda juu ya nini? Huko nje watu wanasema Wakristo wanajiona. Tunakasirika, tunasema wanatuonea wivu. Hawatuonei wivu. Wanatusikia tunavyozungumza.

Ilikuwa siku ya nne yeyo haoni kopo langu mlangoni. Nilimsikia anamuuliza msusi. Kisha akapiga hodi, sikuitika, akafungua mwenyewe.

"Kopo lako liko wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Hakuniuliza nimefanya nini wala naficha nini. Alitazama jiko langu la gesi, akatafuta sufuria, akachemsha maziwa, akakaa chini sakafuni, miguu ameinyoosha, mgongo ukutani. Akanipa kikombe.

Na mimi, kwa mazoea, mkono wangu ukainuka juu ya kile kikombe. Mwili ulikuwa hauna nguvu ya kuvaa viatu, lakini nguvu ya kutakasa maziwa ulikuwa nayo. Nikafumba macho, nikaanza kukemea. Nikafumbua jicho moja. Yeyo alikuwa ameweka kibuyu chini, ameinamisha kichwa, mikono ameiweka magotini, ananingoja. Alikuwa ananipa heshima nisali, na ninachokikemea ni kile alichokibeba mgongoni kutoka kwao.

Nilinyamaza katikati ya sentensi.

"Maliza, mwanangu," akasema. "Yanapoa."

Sikuweza kumaliza. Nilikunywa nalia, na kwa mara ya kwanza niliisikia ladha ya ule moshi. Ni mtamu. Miaka miwili nilikuwa naunywa pamoja na hofu.

Akaja kesho yake na kesho kutwa. Siku ya tatu alinivalisha viatu akanipeleka hospitali. Muuguzi akamuuliza, "Wewe ni nani wake?" Akajibu, "Mimi ni yeyo." Muuguzi akaandika mama. Daktari alisema ni ugonjwa wa wasiwasi, unatibika, nikapewa dawa na mtu wa kuzungumza naye kila wiki. Ilichukua miezi. Sasa nafanya kazi ya kupokea wageni kwenye nyumba ndogo ya kulala wageni, sio ukingoni mwa kreta, na usingizi ninapata.

Nilipopata nafuu nilimuuliza, "Yeyo, kwa nini watu wa kwenu wanasema sisi tunajiona bora?"

Akawaza kidogo. "Mkija bomani kwetu, mnakuja kutupa. Mnatupa neno, mnatupa nguo, mnatupa biskuti za watoto. Ni vizuri. Lakini tukiwapa maziwa, mnasema mmeshiba. Sijaona Mkristo amekuja kwangu akasema, yeyo nina kiu."

Nimezikumbuka safari zote za injili tulizokwenda kule, na vikombe vyote tulivyovikataa kwa tabasamu. Tulikula mkate wetu ndani ya gari.

Mahali pale pawili ambapo mzee aliomba nibadilishe ni hapa. Kwanza, niseme Mungu alimtumia jirani, nisiseme Mmaasai asiyesali. Pili, nimalizie kwa kusema sasa ameokoka, ili ushuhuda ukamilike. Mzee wangu, nakuheshimu, wewe ulinibariki nikiwa mtoto. Lakini hajaokoka. Wiki hii nimeulizwa hilo mara nne, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kama mvua zimenyesha kwao au kama ng'ombe wake wana malisho. Mimi naamini ni Mungu aliyemleta mlangoni kwangu. Sitamfanya yeyo aonekane pungufu ili sisi tupate mwisho mzuri.

Namshukuru daktari, na yule muuguzi. Namshukuru dada msusi, ambaye aliacha utani siku nilipougua na akanisuka bure nilipopona. Namshukuru mama yangu. Na namshukuru yeyo. Nilimwomba ruhusa nisimulie, akasema nisimulie, ila jina nisilitaje, wateja watamcheka kwamba siku hizi anahubiriwa kanisani. Funzo langu ni dogo: kama hatuwezi kupokea kitu mkononi mwa mtu, tusimwambie kwamba tunampenda.

Yuko hapo nje getini na vibuyu vyake, kwa sababu nilimwambia leo kutakuwa na watu wengi. Mara ya mwisho alipoingia humu alihamishiwa benchi la nyuma kwa ajili ya harufu ya moshi, kwa hiyo amesema atangoja huko huko. Mkitoka atawaambia "Takwenya." Jibuni "Iko." Mwambieni mna kiu. Akikumiminia, pokea, unywe mbele yake, mkono usiinuke.

Mimi nimemaliza. Msiniitikie Amina hapa ndani. Nitaisikilizia getini.