Mama Kwani Aiaga Meza ya Jumatano

Ifikapo tarehe 30 Juni, Mkuu wa Mafundi wa Maabara ya Maji atavua koti lake jeupe baada ya miaka thelathini na sita ya utumishi. Kwenye faili la ofisi ana jina refu na vyeo vyake. Kwetu sisi ni Mama Kwani, kwa sababu maswali yake yote huanza na neno hilo, na hakuna bosi aliyewahi kulisikia bila kujiweka sawa kwenye kiti.

Aliajiriwa kuosha chupa za sampuli. Wenzake waliosha tu. Yeye aliosha huku akihoji. Alitaka kujua kwa nini chupa ya maji ya kisima hubaki na ukoko mweupe, na ya maji ya mto haibaki. Mkemia wa wakati huo alimjibu kwa miezi mitatu, kisha akasalimu amri na kumwombea nafasi ya masomo. Mpaka leo Mama Kwani husema kwamba alifukuzwa kwa heshima. Alirudi na stashahada, na maswali yakiwa yameongezeka.

Ndiye aliyeshikilia kwamba maji yapimwe hadi jikoni kwa watu, si kwenye tangi letu peke yake, kwa hoja kwamba hakuna mtu anayekunywa tangi. Amefundisha mafundi kumi na tisa. Wote huandika namba zao kwa kalamu ya wino, kwa sababu penseli, kwa maoni yake, ni ya watu wanaotaka kubadili mawazo kimyakimya.

Lakini tuseme ukweli, atakumbukwa zaidi kwa meza. Ni mlango mbovu uliolazwa juu ya mapipa mawili, katika stoo ya chupa. Kila Jumatano saa nne asubuhi chai hunywewa hapo, na yeyote anaruhusiwa kuleta swali: dereva, mhasibu, mfagizi, meneja. Sheria ni mbili. Mwenye kisomo kikubwa husema mwisho. Na anayetumia neno asiloelewa dereva huosha vikombe vyote. Wahandisi tumeosha vikombe mpaka vidole vikakunjamana.

Tumebishana pale kwa nini bomba hukohoa kabla ya kutoa maji, na kwa nini watu huiogopa dawa ya maji kuliko uchafu wenyewe. Siku moja msoma mita aliuliza, kwa sauti ya chini, mita mpya zinazojisoma zenyewe zitamwachia kazi gani. Chai ilipoa siku hiyo. Mama Kwani hakumpaka mafuta. Alimuuliza, kwani mita ikishajisoma, ni nani atamsikiliza mteja anayeilalamikia. Leo msoma mita huyo ndiye mkuu wa dawati la malalamiko, na wateja wanampenda kuliko meneja.

Sasa nije kwenye bomba la kubonyeza, ambalo limenikaa kooni.

Miaka tisa iliyopita mhandisi mmoja kijana, aliyejiamini kupita kiasi, alibuni bomba la umma la kuokoa maji. Ukibonyeza kitufe maji yanatoka, ukiachia yanakata. Lilifungwa katika vituo vitatu. Haukupita mwezi, vitufe vyote vilikuwa vimefungwa kwa vipande vya mpira wa tairi ili maji yatiririke. Mhandisi aliwaka. Aliandika ripoti kwamba wakazi wanahujumu mitambo na vituo vifungwe, kisha akaenda na kitufe kimoja mezani kama ushahidi, akitarajia kuungwa mkono.

Mama Kwani alikigeuzageuza kitufe, kisha akauliza kwani mchota maji ana mikono mingapi. Dada mfagizi, ambaye huchota maji kwenye kimojawapo cha vituo hivyo, alisema anayo miwili: mmoja unashika ndoo na mwingine unamshika mtoto. Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililouma.

Mhandisi alibisha. Basi Mama Kwani akatupakia wote kwenye gari hadi kituoni, akafungua mpira wa kitufe, akampa mhandisi ndoo na kumwomba ajaze ishirini, mbele ya foleni ya watu. Ndoo ya saba kidole gumba kiligoma. Ndoo ya tisa alionekana akitafuta kipande cha mpira. Foleni ilicheka, dereva akacheka zaidi, na ripoti ile haikumfikia meneja.

Wakati wa kurudi, dada mfagizi alieleza kwamba kwenye cherehani yake nyumbani miguu ndiyo hufanya kazi, mikono inabaki huru. Ndivyo lilivyozaliwa bomba la kukanyaga, linalotumika sasa katika vituo arobaini na viwili. Bomba hilo lilipata tuzo. Cheti kikaandikwa jina la mhandisi peke yake, naye akakipokea kwa tabasamu pana na kukitundika ukutani.

Mhandisi huyo ni mimi.

Mama Kwani hakunisema kwa mtu. Jumatano iliyofuata aliuliza tu mezani, kwani chombo kinabuniwa na nani. Nilijibu kwa maneno marefu kuhusu mchakato na ubunifu, nikaosha vikombe, nikanyamaza hadi leo. Naona aibu, na nimeona niione hapa, kwenye karatasi, kabla hajaondoka.

Wiki iliyopita nilimpelekea makala haya ayapitie. Aliyasoma akiwa amesimama, kisha akauliza kwani miaka yote hiyo nilikuwa nangoja nini. Nilimwambia sijui. Alisema hilo ndilo jibu langu la kwanza ambalo dereva angelielewa, akanikabidhi ufunguo wa stoo.

Mama Kwani, asante kwa miaka thelathini na sita ya kutukosesha usingizi kwa faida ya watu. Tunakuombea afya, wajukuu wasiochoka kujibu, na mapumziko marefu yenye raha. Siku ya kukuaga, meneja atatoa cheti kipya cha lile bomba. Kina majina matatu, na tumefuata sheria ya meza yako: dada mfagizi wa kwanza, wewe wa pili, mimi mwisho. Vikombe vya siku hiyo ni vyangu.