Mkono wa Kulia wa Ustinya Savvateevna

Marehemu Ustinya Savvateevna Tolmachova alizaliwa tarehe 3 Machi 1948 katika kijiji cha Zaborovka, kando ya Ziwa Chudskoye. Wazazi wake walikuwa Waumini wa Kale, watu waliokataa mageuzi ya kanisa la Urusi karne tatu kabla yake na ambao hawajajuta mpaka leo. Bibi yake alimfundisha kufanya ishara ya msalaba kwa vidole viwili kabla hajajua kuvaa viatu. Vidole vitatu, bibi alimwambia, ni vya wale wa upande wa pili, waliokubali mageuzi.

Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1955 hadi 1965. Huko mwalimu alifundisha kwamba Mungu hayupo, awe wa vidole viwili au vitatu, na Ustinya akawa wa kwanza darasani. Mwaka 1966 alikwenda Leningrad kusomea uchoraji. Kati ya bibi na mwalimu alimwamini nani, binti yake Taisia hajui, na aliuliza sana.

Kuanzia 1971 hadi 2008 alifanya kazi katika karakana ya makumbusho mjini Pskov, akisafisha ikoni za kale, picha takatifu za kanisani. Kwa pamba na kisu kidogo aliondoa moshi wa mishumaa, na rangi ambazo watu wa baadaye walipaka juu ya zile za mwanzo. Siku moja alimwonyesha Taisia ikoni ya Mtakatifu Nikola, aliyekuwa akibariki kwa vidole vitatu. Chini ya rangi vilikuwa vimetokea viwili.

"Sasa mama, nani alikosea hapo?"

"Mimi najuaje? Wa chini alichora huku anasali, na wa juu naye alipaka huku anasali. Ndivyo tulivyo Warusi, mwanangu. Tunapaka juu, cha chini tunakiacha hapohapo."

Tarehe 9 Juni 1973 alifunga ndoa na Gleb Arkadievich, mwana wa padri wa vidole vitatu. Kila walipokwenda Zaborovka, mama mkwe alimpa Gleb chai katika kikombe cha peke yake, kisichooshwa pamoja na vya Waumini. "Kwenu naheshimiwa," Gleb alikuwa akijisifu, "hata kikombe nina changu!" Hakuna aliyekuwa na moyo wa kumweleza. Naye Ustinya, kanisani kwa mumewe, alisimama ibada nzima mkono wa kulia ukiwa ndani ya koti, hata kiangazi. Gleb alifariki mwaka 2011, na Taisia haamini kama naye aliwahi kujua mkono ule ulikuwa ukifanya nini mle ndani.

Tarehe 2 Februari 2019 Ustinya alipata kiharusi, akapoteza kauli. Asubuhi ya tarehe 19 alianza kuinua mkono huo polepole kuelekea kwenye paji la uso, vidole vikitafutana. Taisia alidhani mama anaomba kushikwa, akaushika. Wakakaa hivyo mpaka alipokata roho.

Jana, alipokuwa akiwekwa jenezani, ilibidi vidole vikunjwe kwa ishara ya msalaba.

"Dada yangu alibatizwa kwetu," alisema mdogo wake, Fedosya. "Mkunjeni viwili!"

"Mama mdogo, miaka yote alisali na baba," alijibu Rodion, mwana wa marehemu. "Ni vitatu."

"Alisimama tu! Ulimwona akifanya ishara hata siku moja?"

"Kwani wewe ulimwona?"

Wote wawili wakamgeukia Taisia.

"Sijui," Taisia alisema huku analia. "Alikuwa anataka kutuonyesha, nami nikamshika mkono."

Fedosya alijaribu kuvikunja vidole, akashindwa, akaufunika uso wake. Rodion hakuthubutu kujaribu. Ndiyo maana mnaomuaga leo mnauona mkono ule umejikunja nusu, kama ulivyokuwa ndani ya kiganja cha binti yake.

Ameacha mdogo wake Fedosya, mwanawe Rodion, binti yake Taisia na wajukuu watatu. Taisia anaziomba radhi pande zote mbili, na anamwomba radhi mama yake.

Mungu, ambaye mkono ule ulikuwa unamwendea, ampumzishe kwa amani.