Majina Matatu Aliyoyachora Nashoni Heche

Baba Paroko, wazee wangu shikamooni, ndugu zangu wa Itiryo, nanyi mliotoka Nyamwaga na Kemambo kwa miguu kwenye tope hili, mimi ni Winfrida, mke wa marehemu, historia hii ilikuwa isomwe na shemeji yangu Marwa, asubuhi amenishikisha karatasi akasema macho yanamuuma, basi ile karatasi yake nimeikunja, nasoma niliyoandika mwenyewe, na naogopa.

Marehemu Nashoni Heche alizaliwa tarehe 12 Machi 1962 hapa hapa Itiryo, mtoto wa nne wa marehemu mzee Heche na mama Wegesa, yule pale, ambaye tangu Jumatatu hajameza kitu zaidi ya uji. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akafaulu vizuri, lakini ng'ombe wa kumlipia ada walikuwa wameibwa zizini, kwa hiyo mwaka 1978 akavuka mpaka pale Sirari, akaenda Migori kwa mjomba wake, fundi wa kuchora maandishi kwenye saa, pete na vikombe vya michezo.

Mjomba hakumruhusu kugusa pete ya mtu kwa mwaka mzima, alimpa kipande cha shaba na kalamu ya chuma, ile yenye kitako cha mti kinachokaa kiganjani, achore mistari iliyonyooka tu, ukipinda mmoja anasugua yote anaanza upya, akajifunza kwamba mkono wa kulia hautembei, kinachotembea ni kitu chenyewe, kimelazwa juu ya mfuko wa ngozi uliojaa mchanga, mkono wa kushoto unauzungusha polepole, na kwamba kalamu butu ndiyo inayoteleza ikamchoma fundi, ndiyo maana kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa makovu matupu.

Mwaka 1983 alirudi, akaweka meza Tarime mjini, akachora vikombe vya shule, pete za maharusi, na kile kikombe cha altare Baba Paroko alichokiinua leo kwenye misa. Tulifunga ndoa tarehe 21 Septemba 1991, mimi nikiwa nimemaliza kidato cha nne mwaka mmoja nyuma, pete yangu aliichora mwenyewe kwa ndani, alichoandika ni cha kwangu, hamtakisikia hapa. Mungu akatujalia watoto wawili, Kisyeri wa mwaka 1992, na Matiko huyu ninayembeba mgongoni, aliyezaliwa tarehe 10 Julai 1994.

Mwaka 1993, dhahabu ilipowapandisha watu wazimu, tulihamia machimboni upande wa Kemambo, kwa sababu kule patasi na nyundo ziliibwa kama kuku, na kila mchimbaji alitaka jina lake kwenye chuma chake. Chuma cha patasi ya mwamba ni kigumu, kalamu inateleza, kwa hiyo marehemu aliichoma motoni sehemu ya katikati mpaka ikawa nyekundu, akaifukia kwenye majivu ipoe taratibu ilainike, akachora herufi kwa patasi ndogo na nyundo nyepesi, kisha akaichoma tena na kuizamisha majini irudishe ugumu wake. Walimtania, "Fundi, niandikie na mke wangu, naye anaibika," naye anajibu, "Mlete, ila kwanza atalala kwenye majivu," wanacheka, ndivyo alivyokuwa.

Na alikuwa na desturi ya mjomba wake, chuma chochote chenye maandishi kikiingia mezani, kabla hajakifanyia kazi anakipaka masizi ya kibatari, anakandamizia karatasi mbichi, anapata nakala, anaandika tarehe, anaweka kwenye daftari, na nakala hiyo hutoka kinyumenyume, huisomi mpaka uishike mbele ya kioo.

Sasa naomba mnisikilize hapa, kwa sababu karatasi ya Marwa inasema marehemu aliugua kifua. Hakuugua kifua.

Alhamisi tarehe 6 Aprili, baada ya mvua, duara moja, shimo la kuchimbia dhahabu, liliporomoka, na mwenye duara akatangaza kwamba ndani hamkuwa na mtu, wachimbaji wake wamekwenda zao Kenya. Lakini asubuhi ileile patasi tatu butu zilikuwa zimepandishwa juu kwa ndoo zikanolewe, wenyewe wakabaki chini wakichimba kwa nyingine, na Jumamosi mwenye duara akamletea mume wangu zile patasi, vijana wake wamesimama mlangoni na mapanga, akasema, "Futa majina yote, yasisomeke." Nashoni alichukua nakala za zote tatu mbele yao, wakadhani ndiyo njia ya kufuta, akashika tupa, akafuta jina moja. Ndiyo, alifuta, simfichi, ni mume wangu na alifuta, akaja jikoni akaniambia, "Winfrida, leo nimeua mtu aliyekwisha kufa."

Kesho yake, Jumapili ya Matawi, alimrudishia mbili nyingine na majina yake yakiwa palepale, akasema hafuti tena. Vijana wale wa mapanga walimkuta njiani tukitoka kanisani, wakamkata. Nilikuwepo. Matiko alikuwepo. Nanyi wengine mlikuwepo, mmeshika matawi, mkageukia upande wa pili.

Jumatatu walipekua nyumba yangu, wakalifungua daftari, walipoona herufi zimegeuka nyuma mmoja akapiga kelele, "Haya ni ya mganga, usiguse!" wakalitupa chini wakanawa mikono kwenye ndoo yangu ya maji ya kunywa. Barabara ya Tarime ilikuwa imekatika, tukampeleka hospitali ya Mugumu, akafariki Jumatatu ya Pasaka tarehe 17 Aprili 1995, saa nne asubuhi, akiwa na miaka thelathini na mitatu.

Nimeyasoma kwenye kioo, nayasoma sasa: Ojwang Olima. Gesaya Nyamhanga. Na jina lililofutwa ni Magabe Ryoba, mwanao, mama Bernadetha, hakwenda Kenya, mama yangu, nisamehe mimi na umsamehe huyu aliyelala hapa.

Wewe uliyekaa pale kwenye kiti cha mbele, uliyeleta sukari kilo kumi msibani kwangu, ninajua keshokutwa unataka kulifukia lile duara, na ninajua utakuja kutafuta daftari, usijisumbue, leo alfajiri nimelichana, kila nakala iko mfukoni mwa ndugu wa mwenye jina, na wamekuja na majembe ambayo si ya kaburi hili peke yake. Wanaume wa Itiryo, tukimaliza hapa wao wanaelekea Kemambo kuwatoa watu wao, na mimi nitatembea mbele na mtoto huyu, atakayebaki tutamwona.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Mugumu waliomhangaikia siku saba, jirani aliyetoa gari, mafundi wa Tarime mjini waliochonga jeneza hili bila kuombwa, na majirani waliofungua milango, wale wachache, wanajijua.

Lala, baba Kisyeri, lala kwa amani, sisi tunakwenda kuchimba.