Mlango Aliojikataza: Maisha ya Jovin Ngolo (1954–2006)

Marehemu Jovin Ngolo alizaliwa tarehe 9 Machi 1954 huko Magu, mkoani Mwanza, mtoto wa pili wa Mzee Ngolo Nyanda na Mama Costancia. Alisoma hukohuko hadi darasa la saba. Mwaka 1974 familia ilihamia Tindiga, wilayani Kilosa, pamoja na mifugo, ikafyeka shamba ambalo baadaye wazazi wote wawili walizikwa humo.

Mwaka 1978 aliajiriwa kuwa fundi wa malori katika shirika la umma mjini Kilosa. Mwaka 1980 alifunga ndoa na Regina, wakajaliwa watoto watatu, Peter akiwa wa kwanza. Shirika lilipobinafsishwa mwaka 1997 alipunguzwa kazini, akafungua gereji Mikumi. Madereva wa barabara ya Iringa walikubali kumsubiri hata pale mafundi wengine walipokuwa hawana kazi.

Mashine za kamari zilipofika Mikumi mwaka 2003, zilimkamata. Waliondoka ng'ombe, vikafuata vifaa vya gereji. Lilipobaki shamba tu, alikwenda mwenyewe kwa mwenye nyumba ya kamari, akampa picha yake ibandikwe mlangoni, akaomba asiruhusiwe tena kuingia. Mwenye nyumba alicheka, lakini akaibandika.

Mlinzi, kijana Stefano, alisita. "Baba, mtu wa umri wako nitamfukuzaje?"

"Niamkie kwanza, halafu nifukuze."

Ikawa hivyo. Kila miguu ilipompeleka pale, Stefano alimwambia, "Shikamoo baba. Mama Peter anakusubiri nyumbani." Marehemu aliitikia marahaba, akageuka. Kwa karibu miaka miwili shamba lilibaki letu.

Mwaka 2005 nyumba ile ilipata mmiliki mpya. Kuta zilipakwa rangi, picha ikabanduliwa, Stefano akaachishwa kazi. Mlinzi mpya naye alikuwa na adabu: "Shikamoo mzee. Karibu ndani, soda ya leo ni ya bure."

Regina alikwenda kulalamika. Akajibiwa, "Mama, hatukumbeba. Amekuja na miguu yake." Kabla ya mavuno shamba lilikuwa limeuzwa.

Novemba mwaka huo alipata kiharusi, akapoteza usemi. Regina alimuuguza peke yake. Stefano alipokuja kumjulia hali na kusema, "Shikamoo baba," marehemu aligeuza uso ukutani.

Alifariki tarehe 14 Mei 2006. Ameacha mjane, Regina. Watoto Peter, Grace na Frank. Na dada yake, Raheli. Tunamzika katika makaburi ya kijiji, kwa sababu mwenye shamba wa sasa amekataa. Wazazi wake wako ng'ambo ya uzio huu.

Apumzike hapa alipopewa nafasi.