Mwacheni Apite: Maisha ya Mzee Audace Nahimana, Babu wa Asali

Ndugu waombolezaji, wasifu huu ameuandika mtoto wa kwanza wa marehemu, na ndiye anayeusoma. Mnaombwa mkae vizuri, kwa sababu baadhi yenu mmetoka Ilembo hadi hapa Katumba kumzika Babu wa Asali, na mtarudi mkiwa mmemzika mkwe wenu. Pudensiana, mnayemfahamu kama binti wa Mzee Gelasius wa Kasulu, si binti wa Mzee Gelasius. Baba yake ndiye huyu aliyelala hapa mbele. Pudensiana, ambaye ndiye anayewasomea, amelificha jambo hilo kwa miaka kumi na mitatu, na ameona aliseme mwanzoni, kabla sauti haijamkauka.

Marehemu Audace Nahimana alizaliwa tarehe 14 Machi 1960, kwenye kilima kimoja juu ya mji wa Nyanza-Lac, kusini mwa Burundi. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Salvator Bigirimana, mkulima wa kahawa aliyeongoza kwaya ya kigango na kuandikia barua watu wasiojua kusoma. Kwao alisoma hadi darasa la tano na alikuwa mtumishi wa altare. Mwezi Mei 1972, yalipozuka machafuko, mama yake alivuka mpaka na watoto watano. Baba hakuvuka. Pudensiana na mdogo wake Aloyce walipokuwa wadogo waliuliza babu yao alipotelea wapi, wakajibiwa kwamba alichukuliwa kwenye kizuizi cha barabarani. Waliuliza alichukuliwa vipi. "Alichukuliwa," baba akasema, akainuka kwenda kuangalia mizinga yake ya nyuki. Hawakuuliza tena.

Familia ilifikishwa hapa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, mwaka 1973, pakiwa bado pori tupu. Marehemu alirudishwa darasa la pili ajifunze Kiswahili, akamaliza la saba mwaka 1978 akiwa na umri wa miaka kumi na minane na ndevu zake, na mwalimu mkuu alikuwa akimkopesha wembe kabla ya siku za ukaguzi. Padre alitaka kumpeleka seminari, lakini akakataa. Alisema hastahili, na padre akadhani ni unyenyekevu.

Badala yake alichukua kozi ya makatekista, na kuanzia mwaka 1984 alihudumu miaka thelathini na mmoja. Wengi wenu aliwafundisha Baba Yetu. Siku zilizobaki alikuwa porini upande wa Ugalla, ambako alikuwa na mizinga sitini na nne, na asali yake haikuchanganywa na sukari hata mwaka wa ukame. Tarehe 23 Agosti 1986 alifunga ndoa na Tereza, mshonaji, ambaye alitutangulia tarehe 9 Februari 2006 kwa ugonjwa wa moyo. Mungu aliwajalia watoto wawili.

Mambo mawili ya marehemu yalijulikana Katumba nzima. La kwanza, kila Ijumaa Kuu aligawa sauti za kusoma Mateso, na sehemu ya Petro hakuigusa kamwe. Ilipofika hapo alikuwa na kikohozi, au anatafuta kiberiti cha mishumaa. La pili, alifuga kuku lakini hakufuga jogoo. Jirani yake Mzee Maduhu, mwenye ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi, alimtania miaka yote. "Katekista, majogoo wa watu wanafanya kazi kwako bila mshahara! Nunua wa kwako, bwana." Marehemu alicheka na kujibu kwamba jogoo ana umbea. Watoto wake walidhani ni tabia tu za mtu mzima.

Sasa tufike panapouma. Wakati ule watu wa makazi walikuwa bado wakimbizi kwenye makaratasi, na mtu alihitaji kibali hata kwenda Mpanda kununua chumvi. Watoto wa Katumba waliofaulu kwenda sekondari za mjini walifundishana jibu moja: ukiulizwa kabila, sema wewe ni Muha wa Kasulu. Lafudhi inafanana, nani atajua? Pudensiana alilisema jibu hilo akiwa na miaka kumi na mitatu, akalizoea, na alipokuwa mwalimu alilisema bila hata kupepesa macho. Alipochumbiwa na Evarist wa Ilembo, alimsikia mjomba mmoja wa huko akisema, "Mtu wa makazi unamuoa leo, kesho anarudishwa kwao na mahari yako." Basi akaogopa. Akamwendea Mzee Gelasius, Muha wa kweli aliyempangishia chumba, akamwomba akae kwenye kiti cha baba.

Kisha alikuja hapa Katumba kumweleza baba yake. Alikuwa amejiandaa kwa kilio na kwa laana. Marehemu alisikiliza hadi mwisho, akafuta mikono iliyojaa nta, akauliza swali moja. "Huyo kijana anasali?" Alipoambiwa anasali, akasema, "Basi nitaleta asali ya karamu." Pudensiana alirudi Mpanda akijipongeza kwamba baba yake ni mwelewa.

Harusi ilikuwa Jumamosi, tarehe 14 Julai 2012. Kitabu cha kanisa hakikudanganywa, paroko alimwandika Audace, lakini nani husoma kitabu cha kanisa? Watu husoma programu, na kwenye programu, iliyochapwa rangi ya dhahabu, wazazi wa bibi harusi walikuwa Mzee Gelasius na mkewe. Marehemu alikaa nyuma, karibu na makreti ya soda, na ndoo mbili za asali miguuni. MC alipoita, "Wazazi wa bibi harusi simameni mlishwe keki!", alinyanyuka nusu. Kisha akakaa. Bibi harusi alimwona. Alipiga magoti mbele ya Mzee Gelasius na kipande cha keki mkononi, akatabasamu kwa ajili ya kamera, na picha hiyo ilitundikwa sebuleni kwake Ilembo hadi Jumanne ya wiki hii.

Mwaka 2015 marehemu alipata cheti chake cha uraia. Sasa hapakuwa na wa kumrudisha mtu popote, na Pudensiana alikuwa na kila sababu ya kusema kweli. Hakusema. Uongo ulikuwa umeshaota mizizi, na aliona aibu ya kuung'oa ni kubwa kuliko aibu ya kuumwagilia. Alizaa Glory, akazaa Obadia. Kila miezi mitatu mzee mmoja mwembamba alifika Ilembo kwa baiskeli na chupa za asali, akaketi nje, akawafundisha watoto kupiga mluzi kwa jani. Walimwita Babu wa Asali. Siku moja Glory aliuliza, "Mama, kwa nini Babu wa Asali ana pua kama yako?" Mama yake alimtuma akalete ndoo ya maji kisimani, na ndoo ilikuwa imejaa.

Aloyce aliyajua yote na alikasirika. Alimwambia dada yake, "Mkataa kwao mtumwa. Wewe endelea kuwatumikia." Walikaa miaka minne bila kuongea. Marehemu ndiye aliyewapatanisha, akimkemea Aloyce, si Pudensiana.

Afya ya marehemu ilianza kudhoofika mwaka 2024, madaktari wakasema ni figo. Jumatatu ya tarehe 2 Juni 2025 alizidiwa akiwa amepeleka asali Ilembo, na Pudensiana na mama mkwe wake, Mama Suzana, wakamkimbiza hospitali moja hapo Mpanda. Mama Suzana alimpenda yule mzee, maana asali yake ndiyo ilikuwa dawa ya kifua chake. Nesi akafungua faili.

"Mama, huyu mzee ni nani yako?"

Pudensiana alimtazama mama mkwe wake, aliyeshika shuka la mgonjwa. "Jirani wa zamani," akasema.

Kitandani, marehemu alifungua macho. Alimtazama mwanawe kwa muda, kisha akamgeukia nesi na kumsaidia. "Ndiyo, sista. Ni jirani tu. Andika."

Siku mbili baadaye Aloyce alileta madaftari makubwa manne, yamefungwa kwa kamba ya mzinga. "Baba amesema usome wewe kwanza. Mimi nimekatazwa hata kufungua." Pudensiana aliyaweka kabatini, kwa kuwa alikuwa na mitihani ya majaribio, ile ya moko, ya kusahihisha. Alikwenda wodini mara mbili na uji, kama jirani mwema. Madaftari aliyafungua tarehe 14, na kwa kuwa ni mwalimu wa Kiswahili, aliyafungua na kalamu nyekundu mkononi. Alisahihisha kurasa nane za mwanzo. Ukurasa wa tisa aliiweka kalamu chini.

Ilikuwa riwaya. Hakuna aliyejua kwamba katekista aliandika riwaya. Juu aliandika Mwacheni Apite, na chini yake: "Hadithi ya kubuni. Majina yamebadilishwa." Ni habari za kijana anayekua: kilima cha kahawa, kwaya ya baba, mama mkali, altare, kisha mwaka ambao majirani waliacha kusalimiana. Wanaume wenye silaha wanatafuta watu waliosoma. Kwenye kizuizi, kijana wa miaka kumi na miwili ametangulia hatua chache mbele ya baba yake. Askari anamshika bega. "Yule ni baba yako?" Kijana anasema, "Simjui." Askari anamgeukia yule mtu, na yule mtu anasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ni kweli, hanijui. Mwacheni apite." Kijana anapita. Hageuki nyuma, na kurasa mia tatu zilizobaki anakua, anasali, anafundisha wenzake kusali, na hawezi kustahimili kumsikia jogoo. Majina yote yamebadilishwa, isipokuwa moja. Yule baba wa kitabuni anaitwa Salvator.

Pudensiana alimaliza kusoma Jumanne, tarehe 17 Juni, saa nane mchana, akiwa kwenye chumba cha walimu. Alielewa kwa nini baba yake alinyanyuka nusu akakaa, na kwa nini alisema "Andika." Alielewa pia tofauti, na tofauti hiyo ndiyo inayomla. Kijana yule alikuwa na bunduki usoni. Yeye alikuwa na mama mkwe tu.

Alichukua bodaboda. Njiani alirudia neno moja, neno la utotoni, la Kirundi, la kumwita baba, ambalo hakuwa amelitamka mbele za watu tangu darasa la saba. Alitaka aingie wodini aliseme kwa sauti, wasikie wagonjwa, manesi, na mama mkwe kama yupo. Marehemu alikuwa amefariki saa saba na nusu. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa.

Nesi alikuwa yule yule. "Wewe ni nani wa marehemu?"

"Mtoto wake."

Nesi alifunua faili. "Hapa imeandikwa jirani, mama. Mwili tunampa ndugu."

Hakuwa na la kumlaumu nesi, maana maneno yale yalikuwa yake mwenyewe. Akakaa kwenye benchi hadi saa kumi na moja jioni, mwanamke mzima, mwalimu, mama wa watoto wawili, akingoja mdogo wake atoke Katumba aje athibitishe kwamba yeye ni mtoto wa baba yake. Evarist alimkuta hapo na mama yake, na hapo benchini ndipo walipoambiwa. Evarist bado hajasema mengi. Mama Suzana ndiye aliyesema. "Wewe mtoto, si ungeniuliza tu? Babu yangu mimi alivuka ziwa akitokea Kongo, akashuka Kapalamsenga na nyavu na mke. Nyie mlidhani sisi tuliota hapa kama uyoga?" Kisha akalia, kwa sababu miaka yote alimpa baba wa mkwe wake chai nje, kwenye kigoda. Pudensiana angependelea apigwe kofi.

Alimwomba Aloyce asome wasifu huu. Aloyce alikataa. "Programu ya harusi uliichapa wewe. Na hii ichape wewe, uisome wewe."

Kuna jambo moja limebaki. Desemba 2023, wiki ya Krismasi, Mzee Maduhu alishangaa kumwona katekista amekuja kununua jogoo, baada ya utani wa miaka ishirini. Ukurasa wa mwisho wa daftari la nne una tarehe ya wiki hiyo hiyo. Alipokwisha kuyaandika, aliweza kumsikiliza jogoo. Na wosia aliomwachia Aloyce ulikuwa wa maneno machache: "Mizinga ni yako. Madaftari na jogoo ni vya Pudensiana. Mwambie haumi." Jogoo yuko Ilembo tangu juzi. Anawika alfajiri, chini kabisa ya dirisha la chumba cha kulala, na hajafukuzwa.

Marehemu ameacha watoto wawili: Pudensiana Audace na Aloyce Audace; mkwe mmoja wa kiume, Evarist, na wa kike mmoja, mke wa Aloyce; na wajukuu watano, wakiwemo Glory na Obadia, ambao wameambiwa juzi kwamba Babu wa Asali alikuwa babu yao, na ambao wameuliza kwa nini hawakuambiwa alipokuwa hai. Jibu lao ni wasifu huu. Ameacha pia rafiki, Mzee Gelasius, ambaye leo amekataa kiti cha mbele na ameketi nyuma kwa hiari yake.

Ndugu wa Katumba na wa Ilembo, huko anakokwenda Mzee Audace hatujui kuna vizuizi gani njiani. Lakini kama yupo anayewauliza watu ni wa nani, na asikie: huyu ni Audace, mwana wa Salvator, na anaye binti aitwaye Pudensiana, ambaye anamjua. Ni baba yake.

Data, nakujua.

Mwacheni apite, apumzike kwa amani.