Kumi Umeitoa Wapi? Kumuaga Mwalimu Felicitas Komba

Mwalimu Felicitas Komba anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Hisabati. Alitoka Mbinga akiwa binti mwembamba (mwembamba anasema yeye, picha hatujaonyeshwa), akaanzia Temeke, kisha akaja hapa Kimara enzi hizo nyuma ya shule ni mihogo mitupu. Hakuhama tena.

Darasa la tano lilikuwa lake, na kulikuwa na mada moja asiyomwachia mtu: kutoa namba mchanganyiko zenye asili tofauti. Nne na theluthi moja, toa moja na nusu. Asubuhi ya siku hiyo utamkuta getini kwa mama Nusaiba, ananunua chapati. Chapati moja leo ni vipande sita, anawaambia watoto. Kwa hiyo theluthi ni viwili, nusu ni vitatu. Sasa kwenye viwili utatoaje vitatu? Inabidi ukope chapati nzima. Na watoto, jamani, wakishakopa moja wanaandika kumi, kama walivyozoea kwenye namba nzima. Viwili vinageuka kumi na viwili! Hapo Mwalimu Komba anainua chapati juu: kumi umeitoa wapi? Ikikatwa sita, unapata sita!

Swali hilo likawa jina lake mtaani. Mwaka jana nesi mmoja kule Temeke alimwamkia akiwa ameshika sindano: shikamoo mwalimu, mie ni mmoja wa wale wa kumi. Walicheka mpaka foleni nzima ikashangaa.

Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Mbwana, aliwahi kumuuliza mbona wenzake wameshafika kwenye maumbo, yeye bado yuko kwenye chapati. Alijibu kwamba maumbo hayakimbii. Hakukubali kuvuka mada mpaka mtoto wa mwisho aelewe. Chapati zenyewe zililiwa na watoto, na sie walimu tukidokoa.

Mwaka huu mtoto wa mwisho alikuwa Najat. Wenzake wote wameelewa, yeye bado kumi. Mwalimu alibaki naye kila siku baada ya kengele. Ijumaa, kipindi chake cha mwisho kabisa, ikawa kumi tena. Alirudi ofisini, akakaa, chai ikapoa mbele yake. Alisema inamuuma kuondoka huku mtoto mmoja amebaki. Na sisi ilituuma.

Basi Mwalimu, kuna jambo tumekuficha. Jana, ulipokwenda wilayani, Najat alikuja na chapati zake zimefungwa kwenye gazeti. Alikata moja mezani, akahesabu kwa sauti mpaka sita, akavisogeza karibu na vipande viwili vya ile theluthi. Vinane. Akatoa vitatu, vikabaki vitano. Akaenda ubaoni akaandika: mbili na tano juu ya sita. Kisha akatugeukia, mikono kiunoni, kama wewe kabisa, akatuuliza: sasa ile kumi nilikuwa naitoa wapi?

Asante kwa yote, mama yetu. Mungu akupe afya na siku nyingi za kupumzika. Tutakukumbuka sana, tena sana. Ila usikate keki kwanza: pita darasa la tano. Ubao hatujaufuta, na Najat amekubakizia kipande.

Mwl. Rukaiya, kwa niaba ya walimu wenzako