Koki ya Fundi Jerónimo

Ndugu na majirani, maneno haya nimeyaandika mimi Telma, mdogo wake. Nikikwama mnivumilie.

Marehemu Jerónimo Anselmo Nantimbo alizaliwa Mbau tarehe 14 Agosti 1958. Vita vya ukombozi vilipochacha familia yetu ilivuka Ruvuma, akasoma Mtwara hadi darasa la saba. Huko alijifunza ufundi, na ukaidi nao alirudi nao.

Mwaka 1979 alifungua oficina yake, karakana ya pikipiki, hapa Palma, akanunua na pikipiki ya mwaka 1967 ambayo hakuiuza hata tulipomsihi. Koki yake ya petroli ilivuja tangu siku ya kwanza, kwa hiyo ukifika nyumbani lazima uifunge. "Funga torneira kwanza, salamu baadaye," alituambia sote.

Tarehe 6 Agosti 1988 alimuoa Arlete. Walipofika kanisani alimwacha bibi harusi mlangoni, akarudi kuitazama koki. Hilo wifi yangu hajalisamehe mpaka leo. Walijaliwa watoto wawili, Natália na Amisse.

Jumatano ya tarehe 24 Machi 2021, mji uliposhambuliwa, kaka alikuwa ndiyo kwanza ameingia uani na kufunga koki. Amisse akairukia pikipiki kwenda kumchukua dada yake sokoni. Injini iliwaka ingawa koki ilikuwa imefungwa, kwa sababu kabureta huwa na petroli kidogo iliyobaki. Hiyo haifiki mbali. Natália alijiokoa kwa miguu. Tuliporudi Novemba tuliiona pikipiki majanini, kwenye njia ya Pundanhar, koki imefungwa. Amisse hatukumwona, wala mwili wake.

Tuliikokota hadi oficina, na kaka akaifungua koki ile kipande kwa kipande, akaipiga msasa, akakata washa mpya ya kuzuia uvujaji kutoka kwenye kizibo cha chupa ya divai ya misa, akailoweka kwenye oili. Haikuvuja tena. Kisha akakifunga kishikio chake kwa waya, kisigeuke, koki ibaki wazi daima. Kesho yake waya ulikuwa juu ya siti, umekunjwa vizuri, na koki imefungwa. Ikawa hivyo kila asubuhi.

"Kaka, ni wewe mwenyewe, mazoea hayo," nilimwambia. Nikachukua ufunguo pekee wa oficina, nikauvaa shingoni. Asubuhi nikakuta waya uko juu ya siti. Niliogopa, sifichi.

Yeye hakuogopa. "Ni Amisse huyo. Si nilimfundisha mwenyewe? Amefunga, sasa nangoja salamu."

Aliingoja miaka mitatu. Figo zilipoharibika alikataa kupelekwa hospitalini mjini Pemba, akisema mwana asije akakuta nyumba haina mtu. Alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa kumi na mbili asubuhi. Kabla ya hapo aligeukia mlangoni, pasipo na mtu, akaitikia, "Marahaba, mwanangu."

Asubuhi ile ile nilikwenda oficina kuchukua mkeka wa msiba. Mlango nilifungua kwa ufunguo wangu. Koki ilikuwa wazi. Nikagusa injini, nikaondoa mkono haraka, maana ilikuwa ya moto.

Marehemu ameacha mjane, Arlete, binti, Natália, wajukuu watatu, na mimi. Arlete ameniomba nimwandike na Amisse kati ya walioachwa, kama tulivyomwandika kila mahali kwa miaka yote hii. Nimeshindwa, wifi, nisamehe.

Wapumzike kwa amani.